Madebe Sitini na Manne

Jumamosi saa saba mchana, wanawake wa meza ya kuchambua kahawa wakiwa wanakung'uta leso zao waende nyumbani, Mzee Gerishon alishuka ngazi za ofisi akiwa na karatasi mkononi na furaha usoni. Furaha ya mwenye kinu haijawahi kuwapa raha wafanyakazi. Wote kumi na wawili wakashusha leso.

"Namba tisa ni nani?" aliuliza.

Walitazama buni iliyobaki mezani kana kwamba jibu limo humo. Saida, namba kumi, akamgusa jirani yake kwa kiwiko. Mukonyo akainua mkono nusu, kama mtoto wa shule ambaye hajafanya homuwaki.

"Kumbe ni wewe, Mama Carol," Mzee Gerishon akacheka. "Basi wiki ijayo utajaza debe sitini na nne."

"Mimi?"

"Wewe. Kompyuta imesema. Na imesema kitu kingine. Kila mmoja wenu ameshawahi kufika sitini na nne, iko kwa vitabu vya Philip. Sasa mimi najiuliza, kama kila mtu anaweza, mbona nalipa watu kumi na wawili wanijazie arobaini arobaini? Wanane wakijaza sitini na nne ni mia tano na kumi na mbili. Nyinyi wote pamoja mnanipa mia tano na nne. Mimi sikusoma sana, lakini hiyo naiona."

Hesabu haikuwa na kasoro.

"Jumatatu naleta kiti," akaendelea. "Nakaa nyuma ya namba tisa nione anafanyaje. Akishanionyesha, wanane watabaki wamfuate. Wanne wataenda nyumbani, nitawaandikia barua nzuri. Msione ni ubaya. El Niño imeangusha kahawa, mnajua wenyewe."

Akapanda ngazi zake. Karani Philip, aliyekaa kwenye mizani pale mlangoni, hakuinua kichwa. Philip alikuwa mtu wa kutazama mizani. Nyuso za watu hazikuwa katika mshahara wake.

"Mukonyo," Saida akasema polepole, "huyo msichana wako wa kompyuta ametufanyia nini?"

Ukweli wa sitini na nne ulikuwa hivi. Kinu kilitoa bonasi kwa yeyote atakayepita madebe sitini kwa wiki: mfuko wa unga, sukari kilo mbili na noti ya mia mbili. Sasa mtu mwenye mikono miwili, akichambua kwa haki, akatoa mawe, akatoa buni nyeusi na zilizovunjika, hajazi zaidi ya madebe saba kwa siku, arobaini na mawili kwa wiki. Lakini wanawake kumi na wawili wana mikono ishirini na minne. Kila wiki kila mmoja alitoa madebe mawili, akamwambia Philip namba ya mwenye zamu, na Philip akaandika alichoambiwa. Wiki moja namba saba anapita sitini, wiki ya pili namba nane, na kila baada ya wiki kumi na mbili zamu inakurudia. Kwa miaka miwili na ushee hakuna aliyejua ila wao na Mungu, na Mungu hakuulizwa.

Wiki iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu ya Mukonyo.

*

Pale getini askari alimkagua kama kila siku. Akamfungulia kilemba, akakung'uta leso, akamtaka avue viatu, asije akawa ameiba buni tano za kwenda kunywa. Carolyne, binti yake, akapita kando na mkoba wake begani. "Siku njema, Madam," askari akamwambia, bado ameshika kiatu cha mama yake.

Walisafiri pamoja kutoka Ruiru hadi Thika. Ni nyumbani, mtaa wa Landless, Mukonyo alipoweka motoni sufuria ya isyo, mahindi kwa maharagwe, ndipo alipofungua mdomo.

"Nimekusomesha ili unichongee?"

"Mwaitu, mama yangu, mimi sijakuchongea. Sikujua hata kama kuna kitu cha kuchongea."

"Na hiyo sitini na nne ameitoa wapi? Kwa ndoto?"

Carolyne akaketi kwenye kigoda. Alikuwa na miaka ishirini na minne, miezi mitano kazini, mtu wa kwanza katika ukoo huo kulipwa kwa kukaa. "Kuna programu mpya imekuja, kwa disketi saba," akasema. "Ile ya zamani ilikuwa ya hesabu za kinu tu. Unaiambia gunia linafika saa ngapi, debe linajazwa kwa dakika ngapi, inakupigia hesabu, inakupa tarakimu. Hii mpya inachora watu wakitembea. Na ina sehemu ya kujifunza. Nimeipa vitabu vya Philip vya miaka miwili. Inajikisia wiki inayofuata, inatazama jibu, inaona imekosea, inajirekebisha. Maelfu ya mara. Iliposhiba, nikaiuliza wiki ijayo itakuwaje. Ikasema namba tisa atapanda sana, wengine watashuka kidogo. Nikapeleka kwa mzee. Nilidhani ni mambo ya kahawa."

Mwanzia, baba yake, alikuwa ameegemea mlango akitengeneza tairi la baiskeli ya mtu. Tangu kiwanda cha nguo kilipomwachisha, nyumba ilisimama kwa mikono ya mkewe na baiskeli za majirani. "Ngoja kwanza," akasema. "Kimashine hakina macho, hakina masikio, hakijawahi kukanyaga pale mezani. Na kimejua zamu ya mama yako?"

"Kimejua, tata."

"Kwa siku ngapi?"

"Usiku mmoja. Niliiacha ikisoma, asubuhi nikaikuta imemaliza."

Mwanzia akatikisa kichwa taratibu. "Philip amekaa hapo miaka kumi na minne."

Mukonyo alitaka kuendelea kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka puani. Akakificha kwa kukoroga isyo. Kisha akamweleza binti yake yote: mikono ishirini na minne, madebe mawili, zamu. Carolyne akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo hakuna mtu anaweza sitini na nne."

"Hata ukimfunga injini."

"Na mimi nimemwambia mzee kila mtu anaweza. Ndiyo maana anawatoa wanne." Akajishika kichwa. "Nikimwambia ukweli, anawafukuza nyote kwa udanganyifu. Nikinyamaza, wanne wanaenda, na wewe Jumatatu unaaibika mbele yake. Mwaitu, hapa nifanye nini?"

"Hapa ule," Mukonyo akasema, akampakulia. "Kesho baada ya kanisa unanipeleka nikaione. Siwezi kupigana na kitu sijakiona sura."

*

Jumapili kinu kilikuwa kimya. Askari alimwona Mukonyo ameingia kupitia mlango wa ofisi, akasahau kumkagua, au alikumbuka akaona haya.

Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Carolyne akaiwasha, ikanguruma kidogo, na baada ya muda pale kwenye skrini ikajitokeza meza yao. Meza yenyewe, imechorwa kutoka juu, kama anavyoiona kunguru. Vitone kumi na viwili vilikaa pande mbili. Magunia ya kahawia yaliingia upande mmoja, madebe yakatoka upande wa pili kwenda kwa kitone cha bluu.

"Huyo wa bluu ni nani?"

"Philip."

"Amependeza. Na mimi?"

"Wewe ni huyu wa tisa, hapa penye gunia."

Mukonyo akasogeza kiti. Alijiona akijaza debe, akasimama, akatembea, akarudi, akajaza tena. Siku nzima ya kazi ikapita kwa dakika mbili, na mgongo haukuuma. "Hiki ni kitu cha maana," akasema kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake. "Mtu unaweza kujiona ukichoka bila kuchoka." Kisha akakunja uso. "Lakini mbona huyu mimi anarudi haraka hivi kutoka kwa mizani?"

"Kupima ni dakika moja. Philip ndiye aliniambia."

"Philip." Mukonyo akalitamka jina hilo kama mtu anayetema ganda la muwa. "Ukifika kwa mizani unakuta watu sita. Kila mtu dakika moja na nusu, kwa sababu lazima anoe penseli. Kama kuna gazeti, ongeza. Kwa debe moja nasimama dakika kumi. Andika kumi."

Carolyne akaandika. Hili pia lilikuwa jipya katika programu: unabadilisha kitu kimoja na kinu kinaendelea kutembea bila kuanza upya. Mara vitone vikaanza kuganda mbele ya kile cha bluu. Viwili, vitatu, sita. Vikageuka vyekundu kwa kungoja. Kule mezani viti vikawa vitupu. Siku ilipokwisha, tarakimu ya namba tisa ilikuwa saba. Iliyokuwa hapo kabla ni tisa.

"Saba," Mukonyo akanong'ona. "Imesema saba. Hiyo ni mimi kabisa." Akaigusa skrini kwa kidole, palepale penye foleni. "Miaka yote hii nilidhani ni mikono yangu imezeeka."

"Mwaitu, nimwambie mzee?"

"La. Siwezi kumwuza Saida na wenzake Jumapili, wakiwa nyumbani kwao hawajui. Mwache alete kiti chake. Nitajaza ninavyojaza. Aone kwa macho, halafu tutasema."

*

Jumatatu Mzee Gerishon alileta kiti, na mto wa kukalia pia. Alikaa nyuma ya Mukonyo, daftari juu ya goti. Aliandika: anatumia mikono yote miwili. Baada ya nusu saa aliandika: haongei. Saida aliyekuwa amekaa kando aliuma mdomo, kwani Mukonyo asiyeongea alikuwa jambo geni kuliko kompyuta.

Debe likajaa. Mukonyo akalibeba.

"Unaenda wapi?"

"Kupimiwa, Mzee."

Akamfuata. Wakakuta watu sita. Mzee Gerishon akasimama nyuma yao kwa heshima ya mtu anayejua mstari ni wake. Dakika ya tatu akatazama saa. Dakika ya saba akajikohoza. Hakuna aliyegeuka, waliokuwa mbele walikuwa wanatetemeka mabega na haikuwa baridi.

Safari ya pili, uvumilivu ulimwisha. "Wewe kaa hapo, endelea kuchambua," akamwambia Mukonyo. "Debe nitabeba mimi." Akalibeba mwenyewe, tai ikining'inia ndani ya buni, akapita foleni yote, akaliweka juu ya mizani.

"Namba?" Philip akauliza, macho kwenye kishale.

"Namba ya babako."

Philip akainua kichwa. Inasemekana ndiyo mara ya kwanza wengi walijua ana macho ya kahawia.

Tangu hapo Mukonyo hakuinuka. Mzee Gerishon alibeba, akarudi, akabeba, shati likamshika mgongoni. Saa kumi jioni, bado saa moja kabla ya kengele, debe la tisa lilijaa na mikono ya Mukonyo haikuwa na nguvu ya kuanza la kumi.

"Tisa," akasema yule mzee, akijipangusa. "Mara sita ni hamsini na nne. Na nimekubebea mimi mwenyewe. Mama Carol, kumi zile zingine ziko wapi?"

Meza nzima ikaacha kuchambua. Mukonyo akatazama mikono yake, akamtazama Saida. Saida akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

"Ziko kwa hawa," Mukonyo akasema. "Sitini na nne ni ya watu kumi na wawili, Mzee. Tunapeana."

*

Ofisini Mzee Gerishon alimwelekeza Carolyne kitini na kumwacha Mukonyo amesimama, vumbi la kahawa likimwanguka kwenye zulia. Wengine waliamriwa wabaki kazini. Hasira yake ilikuwa ya aina mbili, ya kuibiwa na ya kubeba madebe, na alikuwa hajui aanze na ipi.

"Miaka miwili mnakula bonasi yangu."

"Buni tulichambua, Mzee," Mukonyo akasema. "Hakuna debe la hewa."

"Mzee, tafadhali tazama hapa," Carolyne akaingilia. Akamwonyesha foleni nyekundu. "Ukiweka mizani ya pili, wote kumi na wawili wanafika hamsini na nne kwa wiki. Hiyo ni mia sita na arobaini na nane. Hutahitaji kumtoa mtu. Nimeijaribu mara mia mbili kwa skrini, na jibu ni lile lile."

Mzee Gerishon alitazama. Alitazama tena, akiwaza mabega yake. "Mizani ya pili nitaweka," akasema. "Hao wanne wabaki. Bonasi imekufa, msiniulize tena. Lakini mtu mmoja lazima aende. Nikiacha hivi kila mtu atanicheka hadi Kamakis. Nani alianza?"

Mukonyo akakung'uta vumbi la leso yake.

"Basi nitaiuliza hiyo. Si inajua kila kitu? Carolyne, iulize nani alianza."

Carolyne akaweka mikono mapajani. "Haiwezi kujua, Mzee."

"Inajua," mama yake akasema. "Iulize."

"Mwaitu."

"Haidanganyi. Usiifundishe leo."

Carolyne akabonyeza. Vitabu vya Philip vikapita kwenye skrini kinyumenyume, wiki juu ya wiki, mpaka ile ya kwanza kabisa ambayo namba yoyote ilipita sitini. Akaisoma. "Novemba tisini na tano. Wiki ya tatu. Namba tisa. Madebe sitini na moja."

"Ni mimi," Mukonyo akasema. "Bwanangu alikuwa amelazwa. Kila saa sita natoka kumpelekea uji, sirudi. Wiki nzima nilijaza ishirini na manane. Hawa wakasema nitafutwa, wakanitilia matatu kila mtu. Hata bonasi hatukuifikiria. Jumamosi naitwa, napewa unga, sukari, mia mbili. Nikaona haya kula peke yangu. Wiki iliyofuata nikampa Saida mawili, wengine wakampa. Ikaendelea."

Mzee Gerishon akatazama dirisha. Alikuwa mtu wa matanga na michango kama wengine, na bahasha yake mwenyewe ilikuwa imezunguka Ruiru mara nyingi. Lakini alikuwa amesema mmoja ataenda, na neno la mwenye kinu ni kama gari bovu, likishaanza kuteremka kulisimamisha ni kazi.

"Mtoe," akamwambia Carolyne. "Kwa hiyo picha kwanza. Toa namba tisa, tuone kumi na mmoja wanafanyaje."

Carolyne hakusogea.

"Toa, mwanangu," Mukonyo akasema. "Ni kitone tu." Kisha, bila kuaga, akashuka ngazi, kwani chini palikuwa na kazi hadi kengele na hakutaka kujiona akitolewa.

Binti akasogeza mshale juu ya kitone cha tisa. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe. Akabonyeza. Kile kiti kikabaki kitupu, na programu, kwa yale iliyojifunza vitabuni, ikaanza kutembeza wiki.

"Inafaa kuwa mia nne sitini na mbili," Mzee Gerishon akasema. "Kumi na moja mara arobaini na mbili."

Ikasimama mia tatu tisini na sita.

"Imeharibika."

"Haijaharibika, Mzee. Desemba mama alikuwa na malaria, wiki mbili hakuja. Iliona kilichotokea." Akafungua kitabu cha Philip cha Desemba. Mia tatu tisini na tano. Mia tatu tisini na saba. "Ukigawanya, kila mtu alishuka hadi thelathini na sita."

"Kwa nini washuke? Yeye ndiye hayuko, si wao."

Carolyne hakujua. Programu pia haikujua sababu, ilijua tu kwamba iko. Mzee Gerishon akaenda dirishani mwenyewe. Chini, gunia lilikuwa limefika kabla Mukonyo hajarudi mezani, na Saida ndiye aliyekuwa amelimimina. Buni zote zilikuwa kifuani kwa watu wanne wa karibu, nyingine zinadondoka sakafuni; wale wa mwisho wa meza walikuwa wamekunja mikono wakingoja. Mukonyo akafika, akamsukuma Saida kwa nyonga, akaanza kuzisukuma buni kwa kibao chake, kulia, kushoto, mbali, karibu, akitazama nani amebakiza na nani ameishiwa. Muda si muda mikono ishirini na minne ilikuwa inatembea.

Yule mzee alihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Mia tano na nne, ondoa mia tatu tisini na sita. Mia moja na nane. Gawa kwa arobaini na mawili.

"Natoa mtu mmoja, napoteza wawili na nusu," akasema, kama anayeliambia dirisha.

Carolyne alikuwa bado amekazia macho kiti kitupu kwenye skrini.

"Mrudishe," Mzee Gerishon akasema.